Modeli tano mezani, hakuna hata moja iliyokwisha

Swali: Niko Mombasa na naunga modeli za plastiki tangu mwaka juzi. Sasa hivi nina tano kwa pamoja: ndege ya abiria Super VC10 ya East African Airways ya 1/144 (yaani ndogo mara 144 kuliko ndege halisi), gari Datsun 240Z ya Safari Rally ya 1/24, ndege ya kivita Spitfire Mk I ya 1/72, kifaru Tiger cha 1/35 na manowari Bismarck ya 1/700. VC10 nimeshaunga bodi na mabawa, rangi bado. Datsun ina praima tu, ile rangi ya msingi. Spitfire niliipiga kahawia ya juu kwa akriliki, nikaiziba kwa tepu ili nipige kijani, ikakaa hivyo tangu mwezi uliopita. Tiger nimekata magurudumu. Bismarck nimefungua boksi tu. Rafiki yangu ananiambia mshika mbili moja humponyoka, niweke nne kando nimalize moja. Ni kweli? Na kuna VC10 ya pili, ile ya jeshi la anga la Uingereza, nauziwa kwa bei nzuri. Niichukue?

Jibu: Kabla hujasoma mbele, nenda kabandue ile tepu kwenye Spitfire. Umeitaja kwa kupita tu, lakini ndilo jambo la haraka kuliko yote uliyoandika. Gundi ya tepu ya kuzibia imetengenezwa ikae saa chache, au tuseme usiku mmoja. Ikikaa wiki kadhaa kwenye joto la Mombasa hulegea na kuhamia kwenye rangi, na siku utakayoivuta itakuachia utando unaonata, au itaondoka na kahawia yako mpaka kwenye plastiki. Chukua draya ya nywele, iwashe kwa moto mdogo, ipitishe juu ya tepu kwa nusu dakika huku vidole vya mkono wa pili vikiwa kando ya bawa; vidole vikilalamika, na plastiki inalalamika. Kisha shika pembe ya tepu kwa kibano, ikunje irudi juu ya mgongo wake, uivute polepole sambamba na bawa. Usiinyanyue kwenda juu. Ikibaki gundi, pamba iliyoloweshwa waiti spiriti kidogo huitoa bila kudhuru akriliki iliyokauka sawasawa, ila jaribu kwanza chini ya bawa mahali pasipoonekana. Kahawia utaiziba upya siku ileile ya kupiga kijani.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe.

Methali ya rafiki yako inahusu vitu vinavyokimbia. Modeli haikimbii, inakauka, na sehemu kubwa ya maisha yake mezani ni huko kukauka. Gundi nyembamba ya plastiki hushika kwa sekunde chache, lakini mshono wenyewe unataka siku nzima kabla hujaupiga msasa, kwa sababu gundi ile huyeyusha plastiki, nayo plastiki iliyolainika lazima irudi kuwa ngumu. Puti husinyaa, ukiisawazisha jioni, asubuhi unakuta bonde. Akriliki unaweza kuigusa baada ya dakika 20 hivi, rangi ya mafuta inataka siku moja au mbili, na rangi ya kung'aa ya gari, hata ionekane imekauka kiasi gani, mimi siipolishi kabla ya wiki kupita. Kipimo changu ni pua: sogeza modeli karibu, ukisikia harufu ya thina, bado. Mwenye modeli moja hana la kufanya katika saa zote hizo isipokuwa kuishikashika, na alama za vidole zinazoonekana kwenye kazi za wanaoanza nyingi hutokana na hamu hiyo.

Ingia gereji yoyote ya bodi na rangi uone. Fundi mmoja, magari sita. Moja lina puti inayokauka, jingine linapigwa msasa, la tatu limefunikwa magazeti madirishani linasubiri rangi, la nne linarudishiwa taa. Hakuna anayemwambia ameshika mengi. Lakini huwezi kukuta magari yote sita yamefunikwa magazeti kwa wakati mmoja. Siku hiyo gereji imesimama na wateja wako getini.

Yako imesimama hivyo. Nimeirudia orodha yako nikiangalia tu kila moja imekwama wapi. VC10 imekwama kabla ya rangi. Datsun imekwama kati ya praima na rangi. Spitfire imekwama katikati ya rangi. Tatu kati ya tano ziko kwenye mlango mmoja, mlango wa kipulizio, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa, na mbili zilizobaki naamini ulizifungua kwa sababu kukata na kuunga ni raha na hakumtishi mtu. Sikulaumu. Nyeupe ya ndege ya abiria, nyekundu ya kung'aa ya gari na kamofleji yenye mpaka safi ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa katika upakaji wa modeli, na wewe umezipanga zote tatu kwenye foleni moja. Ungemsikiliza rafiki yako ukabaki na moja, ungekuwa na moja iliyokwama palepale.

Kwa hiyo usihesabu modeli, hesabu hatua. Mimi huruhusu modeli moja tu kwa kila hatua: moja kwenye kuunga, moja kwenye rangi, moja kwenye stika na vanishi. Nafasi ya rangi ikiwa na mtu, inayofuata inasubiri, na kusubiri huko hakunipi ruhusa ya kufungua boksi jipya. Juu ya hizo tatu naweka kazi moja ya sebuleni, isiyotaka akili wala harufu, ya kufanya huku naangalia mpira. Nne basi. Wapo wanaoweza kuendesha kumi, na wapo ambao mbili zinawazidi. Idadi ni ya mtu na nafasi yake. Kupanga kwa hatua ndiko nisikokubali kujadiliana.

Tuichukulie meza yako.

Bismarck irudi kwenye boksi leo. Si adhabu. Meli hazikubali kuchanganywa na nyingine kirahisi, kwa sababu huwezi kuunga yote ndipo upige rangi. Sitaha ni rangi moja, ubavu rangi nyingine, minara nyingine, na vyote vinatakiwa vipakwe kabla havijakutana. Maana yake meli moja inakalia nafasi ya kuunga na nafasi ya rangi kwa pamoja, wiki baada ya wiki. Ifungue zikibaki mbili tu mezani. Kuna na suala la nafasi: Bismarck halisi ilikuwa na urefu wa mita 251, ambazo kwa 1/700 ni kama sentimita 36, na Super VC10 yenye mita 52 na kitu, kwa 1/144, nayo inatoka sentimita 36. Manowari nzito ya Wajerumani na ndege ya abiria iliyokuwa ikitua Embakasi zinagombea trei moja. Mwache anayeruka atangulie.

Tiger ndiyo kazi yako ya sebuleni. Tiger za mwanzo zilikuwa na magurudumu 24 kila upande, yamepishana kama magamba ya samaki, na kila moja lina mpira wa kupaka pembeni. Ni kazi ya kuchosha ukiikalia, lakini ukiigawa magurudumu matano leo na sita keshokutwa haikuumizi. Yachome kwenye vijiti vya kuchokolea meno, uvisimamishe kwenye kipande cha povu la boksi la televisheni. Magurudumu ukiyapaka kijivu cheusi kwanza, kisha njano ya jeshi katikati kwa karatasi ngumu iliyotobolewa duara, utamaliza haraka kuliko kuzungusha brashi ukingoni mara 48.

Sasa zile tatu za kipulizio. Kabla ya kugusa hata moja, nunua pakiti ya vijiko vya plastiki. Mgongo wa kijiko una mviringo kama pua ya ndege na boneti ya gari, na kijiko kikiharibika hulii. Piga praima vijiko kadhaa, kisha jifunzie juu yake nyeupe ileile, thina ileile na presha ileile utakayotumia. Andika nyuma ya kila kijiko kwa kalamu ya wino umechanganya vipi. Baada ya jioni mbili za namna hiyo kipulizio hakitakuwa tena kitu cha kuahirisha, na nadhani nusu ya tatizo lako itakuwa imekwisha bila kupunguza modeli yoyote.

Anza na Spitfire. Ndiyo ndogo, mabawa yake kwa 1/72 hayafiki sentimita 16, imebaki kijani tu, na kijani ni rangi inayosamehe. Kama kahawia yako uliichanganya mwenyewe na chupa imeshakwisha, usijaribu kuitengeneza tena kwa kukisia ili kuziba sehemu zilizobanduka; piga kahawia bawa zima upya. Mchanganyiko wa pili haulingani na wa kwanza kamwe, na jicho huona tofauti hiyo kwenye bawa kuliko mahali pengine popote. Tangu leo, rangi yoyote unayochanganya kwa modeli utakayoiacha katikati, changanya ya kuzidi na uihifadhi kwenye chupa ndogo yenye jina la modeli. Spitfire ikishapata kijani inahama kwenda vanishi ya kung'aa na stika, na nafasi ya rangi inakuwa wazi.

Hapo sasa unaweza kuvunja ile kanuni yangu, kwa sababu moja tu: modeli mbili zinaruhusiwa kukaa pamoja kwenye rangi ikiwa zinakunywa kikombe kimoja cha kipulizio. VC10 inataka nyeupe sehemu ya juu. Datsun iliyoshinda Safari ya 1971, ile ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, ilikuwa nyekundu yenye boneti nyeusi, na nyekundu haifuniki vizuri juu ya kijivu. Inataka chini yake kitu chepesi, na bora kuliko vyote ni waridi. Kwa hiyo siku ni moja. Unaanza na nyeupe kwenye VC10, tabaka jembamba kama ukungu, kwanza kwenye mishono na kingo, halafu sehemu pana. Tabaka la kwanza litakukatisha tamaa, kijivu chote kitaonekana, na la pili pia. Usiongeze unene. Nyeupe inafunika kwa shida, na ukilazimisha kwa tabaka moja zito inajaa kwenye mistari ya mabati na kutambaa chini ya pua. Unaliacha likauke kidogo, unarudi. Tabaka nne au tano hivi, hakuna haraka. Ukitosheka, kikombe kikiwa bado na nyeupe robo, dondoshea matone machache ya nyekundu humohumo, koroga, jaribu kwenye kijiko, na hiyo ndiyo waridi ya Datsun. Hujaosha kipulizio hata mara moja. Hakikisha tu nyeupe na nyekundu ni za aina moja, akriliki kwa akriliki au laka kwa laka, maana ukizichanganya zitaganda kikombeni kama maziwa yaliyochacha na utashinda usiku unachokonoa sindano.

Kuosha kipulizio ndiko kunakokula muda kuliko kupiga rangi kwenyewe, na ndiyo maana kazi za rangi hupangwa kutoka nyepesi kwenda nzito: nyeupe, njano, kijivu, nyekundu, kijani, nyeusi. Kati ya nyepesi na nzito unasuuza tu. Kutoka nyeusi kurudi nyeupe unafungua chombo chote. Mwenye modeli tatu anaweza kukusanya nyeusi zote, matairi ya Datsun, boneti yake, mapanga ya propela ya Spitfire, akazipiga jioni moja. Faida ya kweli ya kuwa na nyingi naiona hapa kuliko popote.

Hatari yake nayo ni kusahau. Miezi miwili baadaye hutakumbuka vanishi iliyo juu ya Datsun ni ya aina gani, na hili si jambo dogo: laka juu ya akriliki iliyokauka, au rangi ya mafuta juu ya laka, hupita ukiwa na mkono mwepesi, laka juu ya rangi ya mafuta inaikunja kama ngozi ya embe lililonyauka, na hapo hakuna dawa ila kuvua yote. Kwa hiyo kila modeli iwe na kadi kwenye kifuniko cha boksi lake. Aina ya praima, rangi na chapa, uwiano wa thina, presha. Na mstari wa mwisho kabisa uwe hatua inayofuata, iliyoandikwa kwa kitenzi na mahali. Usiandike "endelea na rangi". Andika "piga msasa namba 800 mshono wa chini ya pua, kisha kagua kwa praima". Usiinuke mezani kabla ya kuandika sentensi hiyo, hata kama unaitwa kula. Modeli nyingi zilizolala miaka kabatini zimelala kwa sababu mwenyewe akizifungua anahitaji nusu saa kujua alifikia wapi, na nusu saa hiyo hana.

Vipande vidogo viwe kwenye mkebe wenye kifuniko, mkebe mmoja kwa modeli moja, usichanganye. Vipande vya vioo vikae peke yao, mbali na chochote kilichoungwa kwa supaglu siku hiyo: mvuke wa supaglu ukifungiwa ndani ya boksi huacha ukungu mweupe juu ya plastiki inayopitisha mwanga, na kioo cha rubani wa Spitfire ni cha kwanza kuathirika. Stika nazo zitoe kwenye maboksi, uziweke mahali pamoja pakavu na penye giza, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Modeli moja ikikaa miezi minane wewe ukiwa kwenye nyingine, unyevu wa pwani unazifanya stika ziwe njano na kukatika. Kabla ya kutumia karatasi iliyokaa, kata kipande usichokihitaji, kitie majini. Kikivunjika vipandevipande, pulizia karatasi nzima vanishi ya kung'aa kwanza, iache ikauke, kisha kata kila stika karibu na mchoro wake.

Halafu vumbi. Ndilo tatizo ambalo mwenye modeli moja halijui. Siku unayopolishi Datsun usipige msasa VC10 chumba hichohicho, na ule unga wa rangi wa kuigiza udongo kwenye Tiger usifunguliwe kabisa mpaka gari liwe ndani ya boksi lenye kifuniko. Chembe moja ya vumbi la plastiki chini ya kitambaa cha kupolishi ni mchirizo kutoka mlangoni mpaka taa ya nyuma. Ingawa, nikuambie ukweli, kwa gari la Safari usijitese kutafuta mng'ao wa kioo. Lilivuka Kenya, Uganda na Tanzania, na lilifika mwisho likiwa na udongo mwekundu mpaka madirishani. Piga nyekundu nzuri, polishi kiasi, na ukitaka lifanane na lilivyokuwa barabarani, nusu ya kazi yako itafunikwa na tope.

Mombasa ina jambo lake la ziada, na linaweza kukusaidia kuliko kukukwaza. Laka na vanishi ikipigwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hugeuka nyeupe, imefunga ukungu ndani. Watu wengi hupiga alfajiri kwa kuwa kuna baridi kidogo, na alfajiri ndiyo saa yenye unyevu mkubwa kuliko zote. Ngoja mchana jua likishapanda. Mwaga maji kwenye kichujio cha kompresa kila baada ya kipindi, utashangaa yanavyojaa. Akriliki ina shida ya kinyume, inakauka kwenye ncha ya sindano kabla haijafika kwenye modeli, tia matone ya dawa ya kuchelewesha ukaukaji. Na ukiwa na modeli kadhaa unaweza kupanga kwa majira: masika, Aprili na Mei, kata na unga, piga puti, paka vyumba vya rubani kwa brashi. Nyekundu ya kung'aa na vanishi ziache kwa Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ziko mbali. Mwenye modeli moja iliyofikia vanishi katikati ya Mei hana budi kusubiri au kubahatisha. Wewe una Tiger.

Kuhusu VC10 kuna swali ambalo hukuuliza: ulitia uzito puani kabla ya kufunga bodi? Ndege hii ina injini nne nyuma na mkia mrefu juu yake, na modeli yake hukaa kwa mkia kama mbwa ikikosa uzito mbele. Ishike kwa ncha za vidole viwili mahali magurudumu makuu yatakapokaa. Ikiinamia nyuma, ni sasa kabla ya nyeupe. Tumia chubwi ndogo za risasi za kuvulia, zipitishe kwenye tundu la gurudumu la mbele, zishikwe kwa epoksi ya mirija miwili. Usitumie gundi nyeupe ya mbao: risasi huchacha ndani yake, hufura pole pole na kupasua mshono wa pua miaka michache baadaye. Osha mikono ukimaliza. Tundu likiwa dogo mno, toboa kwenye ukuta wa nyuma wa tundu hilo, hakuna atakayepaona.

Na sasa ile ya pili. Ningekuwa mimi, ningeichukua, kwa masharti kwamba inakwenda kabatini ikiwa imefungwa mpaka ya kwanza ikae kwenye rafu ikiwa na stika. Kununua hakukuharibii chochote. Kufungua ndiko kunakoharibu, kwa sababu boksi lililofunguliwa tayari lina vipande vilivyokatwa, kadi na deni. Ungekuwa hujaunga ya kwanza ningekushauri uziunge zote mbili pamoja bega kwa bega mpaka praima, maana mishono ni ileile na makosa ya moja unayakwepa kwa nyingine. Muda huo umepita, sawa. Utafaidika na kadi yako ya kwanza badala yake. Andika humo kila mahali palipokusumbua.

Lakini zinafaa kuwa jozi, na chagua namba ya usajili wa ndege mapema kabla ya kulowesha stika yoyote. East African Airways ilikuwa na Super VC10 tano, ya kwanza ilifika mwaka 1966. Shirika lilipovunjika 1977, nne zilizobaki ziliishia jeshi la anga la Uingereza zikageuzwa ndege za kujazia mafuta angani, aina ya K3, na za mwisho ziliruka hadi Septemba 2013. 5H-MMT ikawa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, na 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, ikawa ZA150 na baada ya kustaafu ikahifadhiwa Dunsfold huko Uingereza. Kwa hiyo angalia karatasi mbili za stika, uone ni namba zipi zinazopatana, ili rafu yako iwe na ndege moja katika maisha mawili. 5X-UVA iache hata kama stika zake ndizo zinazovutia: ilianguka Addis Ababa Aprili 1972 na haina mwenzake jeshini.